Kusema, Kughani, Kuimba: Utangulizi wa Safari ya Brent Carver Jukwaani

Kabla sijafundisha neno lolote kuhusu somo hili, huwa nawawekea wanafunzi wangu dakika chache za rekodi ya tamthilia ya muziki iitwayo Parade. Huwaambia jambo moja tu: tuko mahakamani, mjini Atlanta, mwaka 1913. Mshtakiwa ni Leo Frank, msimamizi wa kiwanda cha penseli, Myahudi aliyelelewa kaskazini mwa Marekani, na shtaka lake ni kumuua Mary Phagan, binti wa miaka 13 aliyekuwa kibarua kiwandani hapo. Mabinti wenzake wanaitwa mmoja mmoja kutoa ushahidi. Wanadai kwamba bosi wao alikuwa akiwaita ofisini kwa nia mbaya. Na hapo ndipo Leo, ambaye tangu mwanzo tumemjua kuwa mtu mkavu, mwenye haya, mgumu wa maneno, anaponyanyuka na kugeuka yule mtu wanayemsimulia. Sauti yake inalegea, inateleza, inatongoza. Ushahidi ukiisha, anarudi kuwa Leo. Hakutenda lolote kati ya hayo. Tulichokisikia ni uongo wa mashahidi uliopewa koo la mtu asiye na hatia.

Wanafunzi karibu wote huniuliza swali lile lile: waigizaji walikuwa wawili? Hapana. Alikuwa mmoja, Brent Carver, Mkanada kutoka mji mdogo wa Cranbrook. Swali hilo ndilo mlango wa taaluma hii, nami namkaribisha msomaji aingie kwa mlango huo huo. Mtu mmoja, mwili mmoja, pumzi zile zile: amewezaje kubadilisha asili ya mtu kwa namna tu ya kuachia sauti? Na aliyaishi maisha gani ya kazi hata akafika mahali pa kuliweza jambo hilo?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tamthilia ya muziki si tamasha la nyimbo, wala si mchezo wa kuigiza uliotiwa nyimbo ili watu wapumzike. Ni hadithi inayosimuliwa kwa maneno, kwa nyimbo na kwa mwendo wa mwili kwa pamoja, hivi kwamba ukiondoa kimojawapo hadithi inabaki na pengo. Wanaoitunga husema kwamba mhusika huanza kuimba pale maneno ya kawaida yanapomshinda. Kauli hiyo ni nzuri, lakini kwa maoni yangu haijakamilika, kwa sababu inafanya ionekane kama kuna ukuta: upande huu maneno, upande ule wimbo, na mwigizaji anaruka.

Sisi tunaotumia Kiswahili tunajua kwamba katikati hapana ukuta, pana ukumbi mzima. Kuna kusema, kuna kughani, kuna kuimba. Aliyewahi kusikia utenzi ukighaniwa anajua kwamba mghani hasemi, kwa sababu sauti yake imeshika mapigo na mahadhi. Lakini pia haimbi, kwa sababu neno bado ndilo linalotawala na sauti inalifuata. Wanaoandika kuhusu jukwaa la Amerika Kaskazini huhangaika sana kuieleza sehemu hii ya katikati, na mara nyingi huishia kusema tu kwamba mwigizaji fulani "ana sauti ya kipekee". Sisi tayari tuna kitenzi chake. Hoja yangu katika utangulizi huu ni kwamba ukiisoma kazi ya Carver kwa kitenzi hicho, mambo mengi ambayo wengine waliyaona kama mchanganyiko usioeleweka, leo Shakespeare, kesho nyimbo, keshokutwa tamthilia ngeni isiyojulikana, yanageuka kuwa kazi moja.

Alizaliwa Cranbrook, katika jimbo la British Columbia, karibu na Milima ya Rocky, tarehe 17 Novemba 1951. Alisoma Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, na mwaka 1972 akapanda jukwaa la Arts Club ya mji huo katika onyesho lililokuwa na jina refu kuliko hadithi yake: Jacques Brel Is Alive and Well and Living in Paris. Nasema hivyo kwa sababu halina hadithi kabisa. Ni nyimbo za Mbelgiji Jacques Brel zilizofasiriwa kwa Kiingereza na kupangwa mfululizo, na kila wimbo ni mtu kamili anayeingia, anaungama, anatoka. Hii ni shule ngumu kwa kijana wa miaka 20. Huna saa mbili za kumjenga mhusika. Una dakika tatu. Tena nyimbo za Brel hazimruhusu mwimbaji kujificha nyuma ya uzuri wa sauti. Zinaanza karibu na mazungumzo, zinapanda taratibu, na kabla msikilizaji hajang'amua, mtu aliyekuwa anaongea naye amefika kilele. Kwa maneno yetu: zinaanza kwa kusema, zinakaa sana katika kughani, zinamalizikia katika kuimba. Carver alilijua hilo kabla hajajua lolote jingine kuhusu kazi yake, na namwomba msomaji alishike, kwa maana tutalirudia.

Sasa nchi yenyewe. Kanada ni kubwa kupita kiasi na watu wake wamekaa mbalimbali, kwa hiyo mwigizaji wa huko hafanyi kazi katika mtaa mmoja wenye kumbi nyingi kama ilivyo Broadway au West End. Anasafiri. Majira ya joto yanaweza kumkuta Charlottetown, katika Kisiwa cha Prince Edward, ambako tamthilia ya muziki ya Anne of Green Gables ilianza mwaka 1965 na ikawa inarudishwa jukwaani kiangazi baada ya kiangazi kwa miongo mingi. Mwaka mwingine yuko Edmonton, Vancouver au Toronto. Na akibahatika, anaitwa Stratford.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila Stratford sioni jinsi ya kumweleza Carver. Ni mji mdogo katika jimbo la Ontario. Mwandishi wa habari wa hapo, Tom Patterson, alipata wazo la kuufufua kwa tamasha la Shakespeare, na mwaka 1953 Tyrone Guthrie alikuja kutoka Uingereza akaongoza maonyesho ya kwanza ndani ya hema kubwa, Alec Guinness akiwa Richard III. Jengo la kudumu lilifunguliwa mwaka 1957. Jukwaa lake, lililobuniwa na Tanya Moiseiwitsch pamoja na Guthrie, limechomoza katikati ya watazamaji, nao wanalizunguka pande tatu. Ukumbi unachukua watu wapatao 1,800, lakini kiti cha mbali kabisa hakizidi takriban mita 20 kutoka jukwaani. Fikiria maana yake kwa koo la mwigizaji. Watu ni wengi, kwa hiyo lazima usikike. Watu wako karibu, kwa hiyo ukipiga kelele utawafukuza. Na popote utakapogeuka, kuna mtu unampa mgongo. Jukwaa la namna hiyo linamfundisha mwigizaji kuisukuma sauti kwa pumzi ya tumboni na kuitunza isipoteze unong'ono wake.

Jambo la pili la Stratford ni mpango wa kazi. Kundi moja la waigizaji hubeba michezo kadhaa kwa zamu ndani ya msimu mmoja. Aliyekuwa mfalme jana jioni leo mchana ni mlinzi wa lango. Carver alipofika huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia katika mzunguko huo, na orodha ya majukumu yake ya miaka mitatu tu inatosha kumsimamisha msomaji: mwaka 1985 alikuwa Mfalme wa Maharamia katika The Pirates of Penzance ya Gilbert na Sullivan, mwaka 1986 akawa Hamlet, mwaka 1987 akawa mshereheshaji wa klabu ya usiku katika Cabaret. Mwenye mazoea ya kuwagawa watu mafungu, huyu mwimbaji, huyu mwigizaji wa kweli, atasema hapo pana kazi tatu. Mimi naona kazi moja. Hamlet anaishi kwa hotuba ndefu zenye mizani, ambazo mwigizaji akizisema kama gazeti zinakufa, na akiziimba zinachekesha. Lazima azighani. Na mshereheshaji wa Cabaret, kinyume chake, ana nyimbo ambazo nguvu yake hutokea pale mwimbaji anapoziachia zirudi chini, zikawa karibu maneno matupu ya mtu anayekukazia macho. Ni ukumbi ule ule wa katikati. Wanaingia kwa milango tofauti.

Sasa tufike pale ambapo vitabu vingi huanzia. Kiss of the Spider Woman, yaani busu la mwanamke buibui, ilitokana na riwaya ya Manuel Puig wa Argentina. Wanaume wawili wamefungwa seli moja: Valentin, mwanamapinduzi, na Molina, mpambaji wa madirisha ya maduka. Ili seli isiwatoe roho, Molina anamsimulia mwenzake filamu za zamani alizozipenda, na nyota wa filamu hizo anatokea jukwaani katikati ya nondo. Muziki ni wa John Kander, mashairi ya Fred Ebb, mazungumzo ya Terrence McNally, uongozaji wa Harold Prince. Jaribio lake la kwanza, mwaka 1990 huko Purchase katika jimbo la New York, liliharibiwa na wahakiki waliokuja kuandika kabla kazi haijaiva. Ilionekana imekwisha. Ni mtayarishaji wa Toronto, Garth Drabinsky, aliyeichukua, ikajengwa upya, ikafunguliwa Toronto mwaka 1992, ikaenda London mwaka huo huo, na tarehe 3 Mei 1993 ikafunguliwa Broadway. Chita Rivera alikuwa mwanamke buibui. Molina alikuwa Carver.

Namwomba msomaji aitafute rekodi ya waigizaji hao na asikilize wimbo ambao Molina anaeleza kazi yake ya kuvisha sanamu za dirishani. Asifuate maneno kwanza. Afumbe macho afuate pumzi. Sauti ya Carver ilikuwa teno, ile ambayo kwaya zetu huiita sauti ya tatu, lakini teno nyepesi, haina kifua kikubwa, na juu kabisa ina mtetemo mdogo kama wa mtu anayejizuia asilie au asicheke. Waimbaji wengi huuficha mtetemo huo. Yeye aliutumia. Mwanzoni mwa mstari neno linatoka kama mazungumzo ya jirani, kwa haraka, na irabu fupi. Kisha irabu moja inarefuka kidogo tu kuliko inavyostahili katika usemi, na hapo sikio linajua kwamba tumeondoka seli. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema: hapa ameanza kuimba. Nimejaribu mara nyingi, na wanafunzi wangu wamejaribu, penseli mkononi. Kila mmoja huweka alama yake mahali pengine. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko tuzo yoyote, kwa sababu Molina mwenyewe ni mtu aliyekataa kukubali kwamba seli inaishia hapa na filamu inaanzia pale. Mwigizaji ameubeba moyo wa mhusika ndani ya ufundi wa koo.

Tuzo ilikuja hata hivyo. Mwaka 1993 Carver alipata Tony ya mwigizaji bora wa kiume katika tamthilia ya muziki, na tamthilia yenyewe ikaondoka na tuzo saba. Kuna jambo dogo hapa ambalo linanigusa. Walioteuliwa kwa tuzo hiyo walikuwa wanne, na wawili kati yao walikuwa Wakanada: Carver na Martin Short. Short alianza kule Toronto mwaka 1972, katika onyesho la Godspell lililokusanya vijana ambao baadaye wangejulikana Amerika nzima, wakiwemo Victor Garber, Andrea Martin, Eugene Levy na Gilda Radner. Mwaka ule ule, upande wa pili wa nchi, Carver alikuwa akiimba Brel Vancouver. Anayetaka kuandika historia ya fani hii nchini Kanada anaweza kuanza na mwaka huo mmoja na asikose kazi.

Baada ya ushindi kama huo njia iliyozoeleka ni kuhamia New York na kubaki. Carver aliendelea kufanya kazi nyumbani, na wengine waliona ameipoteza nafasi. Sikubaliani nao hata kidogo. Tazama alichokifanya. Parade ya Jason Robert Brown, ambayo nimeanza nayo, ilifunguliwa Lincoln Center tarehe 17 Desemba 1998, ikafungwa Februari mwaka uliofuata. Watazamaji hawakuimiminikia hadithi ya mtu aliyehukumiwa kifo, akapunguziwa adhabu na gavana, kisha akatekwa gerezani na kuuawa na kundi la watu mwaka 1915. Lakini ilimletea uteuzi mwingine wa Tony, na leo ni miongoni mwa kazi zinazosomwa sana katika fani hii. Mwaka 2000 alikuwa Tevye wa Fiddler on the Roof kule Stratford. Mwaka 2004 alikuwa Edgar katika King Lear pale Lincoln Center, Christopher Plummer, Mkanada mwenzake, akiwa mfalme. Edgar ni mtoto wa mtukufu anayejifanya kichaa ombaomba, na kichaa huyo hunena vipande vya maneno ambavyo ni nusu wimbo. Mwaka 2006 alikuwa Gandalf katika The Lord of the Rings iliyotengenezwa Toronto kwa gharama kubwa ikadumu miezi michache tu. Wanafunzi huniuliza kama inafaa kupoteza muda na kazi zilizofungwa mapema. Inafaa sana. Tamthilia iliyoshindwa kibiashara mara nyingi ndiyo iliyomtaka mwigizaji jambo ambalo hakuna aliyewahi kumtaka.

Nisimpe msomaji picha kwamba Carver ndiye Kanada nzima. Kuna Louise Pitre, mzaliwa wa Ontario anayeimba kwa Kifaransa na Kiingereza, aliyekuwa Fantine wa Les Misérables katika Toronto, Montréal na Paris kabla ya kuipeleka Mamma Mia! Broadway mwaka 2001. Kuna Ramin Karimloo, aliyezaliwa Tehran akalelewa Ontario, ambaye mwaka 2011 aliimba sehemu ya Mzuka katika maadhimisho ya miaka 25 ya The Phantom of the Opera pale Royal Albert Hall. Kuna Québec, ambayo ni dunia yake: Luc Plamondon aliandika maneno ya Starmania na baadaye ya Notre-Dame de Paris, na waimbaji wa huko wakaitawala Paris. Na kuna miaka ile, tangu 2000 hadi 2004, ambapo The Lion King ilikuwa jukwaani Toronto katika ukumbi wa Princess of Wales, na waigizaji wa Kanada wakawa wanaitana Simba, Rafiki na Sarabi usiku baada ya usiku. Kiswahili kilikwishapanda jukwaa hilo. Imebaki sisi kuliandika jukwaa hilo kwa Kiswahili.

Atakayeingia katika utafiti huu atakutana na tatizo la ushahidi. Onyesho hufa kila usiku. Rekodi ya waigizaji hunasa sauti, tena sauti ya studio, iliyorekodiwa siku moja au mbili, si sauti ya mtu aliyekwishaimba mara saba wiki hiyo na amebakiza ya nane. Maktaba ya sanaa za maonyesho ya New York, iliyoko Lincoln Center, imekuwa ikirekodi filamu za maonyesho tangu mwaka 1970, lakini lazima ukazitazame pale pale. Stratford nayo ina hifadhi yake ya mavazi, picha na vitabu vya msimamizi wa jukwaa, vile vyenye maelezo ya kila hatua na kila taa. Vitabu hivyo ni hazina. Mwigizaji amesimama wapi alipoanza mstari? Okestra iliingia kabla ya neno au baada yake? Hapo ndipo utakapojua kama kughani kulipangwa na mwongozaji au kulizaliwa na mwigizaji.

Na uhakiki wa magazeti usomwe kwa uangalifu. Waandishi wengi walimwona Carver kama mtu dhaifu, wa kuvunjika, kwa sababu ya ule mtetemo. Lakini mtu dhaifu habebi maonyesho manane kwa wiki. Udhaifu tunaousikia umeshikiliwa na misuli ya mbavu na tumbo iliyofunzwa kwa miaka 20 Vancouver na Stratford. Ni kama mwanamke anayetembea na mtungi kichwani bila kuushika: anayetazama kutoka mbali anaona wepesi.

Mwaka 2010 Stratford ilimwalika Carver katika onyesho ambalo msomaji tayari analijua: Jacques Brel Is Alive and Well and Living in Paris. Alikuwa anakaribia miaka 59. Nyimbo zilikuwa zile za 1972, waimbaji wanne na wanamuziki wachache. Msimu huo huo, kwa zamu, alikuwa Jaques katika As You Like It ya Shakespeare, yule mwenye huzuni anayependa kutazama wengine wakiimba. Ningetamani mwanafunzi mmoja aandike tasnifu nzima juu ya msimu huo peke yake: mchana mizani ya Shakespeare, jioni beti za Brel, koo moja.

Alifariki nyumbani kwao Cranbrook tarehe 4 Agosti 2020, akiwa na miaka 68. Majukwaa ya Stratford yalikuwa yamefungwa kiangazi hicho kwa sababu ya Korona.